Kurasa za Siku ya Theluji

Kitu cha kwanza nilichokiona mkononi mwa Mwalimu kilikuwa wembe. Alikuwa ameketi kwenye ukumbi wa nyuma wa kanisa moja la Wakongo pale Doornfontein, Joburg, miwani imemteremkia puani, anatoa karatasi kwenye riwaya ya Kiingereza taratibu, kama mtu anayefumua mshono. Nilidhani nimekosea mlango. Nilikuwa nimeambiwa kuna mama anafundisha watu wazima kusoma vitabu vya Kiingereza, Jumamosi mchana, bure, na mimi nilikuwa nimechoka kuitikia "yes, yes" kwa kila mteja anayekaa kwenye kiti changu cha saluni.

"Mama, hicho kitabu kimekosa nini?" nikamuuliza.

Hakuinua kichwa. "Hakikukosa kitu. Keti."

Nikaketi. Nikaendelea kuketi kwa miaka, na katika miaka yote hiyo sikumbuki Jumamosi niliyotoka pale bila kukasirika. Watu siku hizi wanamsifu Mwalimu kwa maneno laini, utadhani alikuwa malaika. Mimi nilimpenda, lakini alinichosha, na nikimwandika bila uchovu huo nitakuwa namwandika mtu mwingine.

Alitoka mji mmoja wa pwani, kaskazini kabisa, mbele ya Lamu. Ukimbizini alikaa sana Mombasa kabla ya kushuka huku kusini, ndiyo maana aliongea Kiswahili cha kule, cha "wataka nini" na "waniudhi". Ukoo wake hakuutaja nami sikuuliza. Alichotaja ni kazi yake. Alifundisha fasihi ya Kiingereza kwenye sekondari ya wasichana, mpaka mji ulipoingia mikononi mwa watu waliosema wanatawala kwa jina la Mungu. Muziki ukapigwa marufuku. Sinema ikafungwa. Kisha siku moja vitabu vyote vya shule vikakusanywa, vikapelekwa ofisini kwao, vikarudi vimekonda. Mwenye kukata, alitwambia Mwalimu, Kiingereza chake kilikuwa cha kubabaisha. Alitafuta mwanamke, mwanamume na mlango uliofungwa, na akivikuta vyote vitatu mahali pamoja, wembe unapita. Baadaye waliona kukata kunawachosha, wakapiga marufuku riwaya zote. Mwalimu akahamishia darasa jikoni kwake.

Ni jikoni humo alikobuni utaratibu ulionitesa mimi baadaye. Riwaya moja iliyonusurika aliipasua vipande, kila msichana akapewa kipande chake, kikashonewa ndani ya jalada la kitabu kilichoruhusiwa. Hakuna aliyebeba riwaya nzima, kwa hiyo hakuna ambaye angekamatwa nayo. Kila mmoja alisoma sehemu yake nyumbani mpaka ikamkaa kichwani, kisha akaja kuwasimulia wenzake jikoni, redio ikiwa juu ili majirani wasisikie. Zile kurasa zilizokatwa ofisini, Mwalimu alizisimulia mwenyewe kwa mdomo.

Sasa hayo yalikuwa ya kule. Hapa ni Joburg. Hapa watu wanauza vitabu vya kila aina kando ya barabara, wanavipanga chini kama nyanya, na askari anapita anatafuna zake hana habari. Lakini Mwalimu aliendelea vilevile. Vipande vya riwaya ile ile alivikusanya kabla ya kukimbia, akavishona tena, akaja navyo. Alipasua. Redio ikawa juu. Mama Divine, fundi cherehani kutoka Bukavu aliyekuwa mwenzangu wa darasa tangu mwanzo, akawa ndiye anayetushonea vile vipande kwa uzi wa jinzi, na kila akishona analalamika kwa Kiswahili chake cha Kongo, kilichochanganyika na Kifaransa. "Mwalimu, ile kitabu iko na kosa gani? Hapa hakuna mutu anatufuata. Donc tunajificha nani?" Mwalimu anamjibu, "Wewe shona."

Mimi nilipewa kipande cha katikati. Kwa miezi nilijua kwamba mwanamke wa kwenye riwaya anaumwa jino, bila kujua ni mwanamke gani, yuko nchi gani, na kwa nini ana mizinga ya nyuki. Nikiuliza naambiwa ningoje mwenye kipande cha mwanzo. Mwenye kipande cha mwanzo alikuwa mlinzi wa duka, Jumamosi mbili kati ya tatu yuko kazini. Binti yangu, aliyezaliwa hapa na anayenijibu kwa Kiingereza hata nikimuuliza chumvi iko wapi, aliniangalia siku moja nikisoma hicho kijitabu cha uzi wa jinzi akaniuliza kwa nini tusipakue kitabu chote kwenye simu kama binadamu wengine. Nilimwambia aache ufidhuli. Lakini moyoni nilikuwa upande wake, na niliitafuta kweli kwenye simu ile riwaya. Ilikuwa ya zamani, imesahauliwa, haikuwepo.

Riwaya yenyewe ilimhusu mjane anayefuga nyuki kwenye mji wa baridi huko Ulaya, na fundi mgeni aliyekuja kutengeneza saa ya kanisa. Haina mengi. Watu wanakunywa supu, wanasengenyana, saa inagoma. Ila katikati kulikuwa na siku ya theluji, njia zimefungwa, fundi amekwama nyumbani kwa mjane. Hapo ndipo wembe wa ofisini ulipopita, na hapo Mwalimu alivua miwani, akaiweka mapajani na kuanza kusimulia.

Sijui nielezeje. Mwanamke yule mkali, asiyecheka, anayekurekebisha hata ukikohoa vibaya, alibadilika sauti. Alitusimulia theluji ilivyofika kizingitini. Alitusimulia mjane alivyonawa asali mikononi, na fundi alivyoushika mkono wake kuangalia alama za nyuki, akimuuliza kila moja ilimuuma lini, naye akijibu, na kila alama ina habari yake: hii ni ya mwaka aliofiwa, hii ni ya siku aliyouza ng'ombe. Mpaka fundi akamuuliza, wewe wataka nini duniani? Mjane akamwambia: "Nataka mlango ninaoufunga mwenyewe na kuufungua mwenyewe." Mama Divine alilia waziwazi. Mimi nilijifanya natafuta kitu mkobani. Ile sentensi tuliibeba. Mama Divine alimwambia mumewe sentensi hiyo hiyo walipogombana juu ya ufunguo wa chumba cha cherehani, na mimi nilimwambia mwenye saluni nilipoamua kujitegemea. Ilitufaa kuliko masomo mengine yote.

Ni baada ya kusimulia hapo ndipo alipotuambia habari za binti wa dirishani.

Kule jikoni alikuwepo msichana aliyekaa siku zote dirishani, ili achungulie njia. Huyo alizipenda kurasa za theluji kuliko wenzake wote. Akaenda kuzisimulia kwa binamu zake kwenye arusi, chumba cha wanawake, kwa sauti na mikono ya Mwalimu. Binamu mmoja akayafikisha maneno nyumbani, nyumbani yakafika ofisini. Wakamtaka ataje kitabu kiko wapi na nani anafundisha. Hakutaja. Wakamchapa uwanjani mbele ya watu, baba yake amesimamishwa pale atazame. Kisha akaozwa bara, mbali, na Mwalimu, jirani mmoja alipomchongea, akauhama mji. Hakupata habari zake tena.

"Alichapwa kwa kurasa zile," Mwalimu alitwambia. "Zile mulizosikia sasa hivi. Basi mukizisema, muzisemeni kwa heshima."

Kuanzia siku hiyo nilielewa, nusu, kwa nini hataki kusikia habari ya nakala nyingine. Kila nilipomwambia, "Mwalimu, tutafute kizima, tuzione zile kurasa kwa macho," alinikatiza: "Mimi ninacho changu." Nilidhani anaogopa wale watu hata kutoka huku. Kumbe alichokuwa amekishikilia ni kitu kingine, kwamba kile kitabu kiwe kinastahili mgongo wa mtoto wa watu uliochapwa kwa ajili yake. Hakutaka mtu aende akahakikishe.

Kilichonitia hasira zaidi ni Pasta. Alikuwa mtu mwema, sina ugomvi naye mpaka leo. Ukumbi alitupa bila masharti, Wakristo na Waislamu pamoja. Halafu muumini mmoja akamnong'oneza, naye akaja Jumamosi moja, amesimama mlangoni kwa adabu.

"Mama Mwalimu, mi sikatae masomo. Masomo ni muzuri. Lakini banasema ile bitabu iko na mambo ya mwili. Munionyeshe kwanza, nitaangalia, kisha mutasoma. Hii ni nyumba ya Mungu."

Nilingoja Mwalimu anyanyuke. Nilikuwa nimeingojea siku hiyo tangu nimjue. Mtu aliyekimbia nchi kwa sababu ya jambo hilohilo, niliamini atamjibu Pasta maneno yatakayomfanya arudi mwenyewe kwenye ukurasa wa kwanza wa Biblia. Mwalimu akasema, "Sawa, Pasta." Na Jumamosi iliyofuata alikuja na wembe wake, akazikata riwaya nyingine tulizookota kwenye mitaro, kabla hata Pasta hajazigusa, ili azikute safi.

"Mwalimu," nilimwambia wakati watu wametoka, "unamfanyia kazi yake. Huyu hana jela. Hana fimbo. Mwambie hapana!"

"Ana ufunguo," akasema.

"Tutafute ukumbi mwingine basi."

"Na wa ukumbi huo hana ufunguo?" Akafuta wembe kwa leso, akaukunja. "Wewe wataka kushinda. Mimi nataka darasa Jumamosi ijayo."

Nilitoka nimefura. Nilitembea mpaka kwenye robot, taa za barabarani, nikasahau kuvuka, gari zikanipigia honi. Mpaka leo sijui kama alikuwa na haki. Ninachojua ni kwamba alikuwa na darasa Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata, na kurasa zote zilizokatwa alituhadithia kwa mdomo, redio juu, ndani ya nyumba ya Mungu, Pasta akiwa chumba cha pili anafanya mazoezi ya kinanda.

Usidhani alikuwa amekosana na dini. Ndipo nilipozidi kuchanganyikiwa. Hakukosa swala hata moja. Alikuwa na mkeka wake ukumbini nyuma ya kabati la tambourini za kwaya, na mtu akithubutu kusema "hao Waislamu wenu waliokufukuza" alimgeukia kwa ukali ambao mimi nilitamani aupeleke kwa Pasta. "Walionifukuza wana majina," alisema. "Dini yangu si jina lao."

Kuna watu wa chuo, pale pale Doornfontein, walisikia habari zake wakamwalika azungumze. Mimi ndiye niliyemsuka siku hiyo, nikampaka hina, nikamwambia, "Mwalimu, ukiwasimulia vizuri hawa watatupa chumba. Chuo kina vyumba vitupu." Ukumbi ulijaa. Mwenyeji akamkaribisha kwa maneno mazito ya ushujaa na dhuluma. Mwalimu akapanda, akafungua kipande cha mwanzo cha riwaya, kile cha uzi wa jinzi, akawafundisha somo zima kuhusu kwa nini mwandishi ameanza na mizinga na si na mjane. Hakutaja kipigo. Hakutaja ofisi. Alimuita mwanafunzi mmoja aliyekuwa akichezea simu asimame asome kwa sauti. Walipiga makofi kidogo, wakatupa juisi, na chumba hatukupata.

"Walitaka kilio," aliniambia tukirudi. "Mimi si mwalimu wa kilio."

"Ungelia kidogo tu, Mwalimu!"

"Lia wewe. Una macho mazuri."

Mwisho Pasta alipewa wachungaji wakubwa wa kumsimamia, ukumbi ukahitajika kwa maombi ya Jumamosi, tukaondolewa kwa upole na soda. Wengi hawakurudi. Waliobaki tulimfuata Mwalimu mpaka Turffontein, alikokuwa amepanga chumba cha uani karibu na uwanja wa mbio za farasi. Huko nako alizua la kwake. Darasa likawa siku za farasi tu. Siku hizo vipaza sauti vya uwanjani vinanguruma mtaa mzima, mtangazaji anataja farasi mpaka pumzi zinamwishia, watu wanapiga kelele, na Mwalimu alisema hiyo ndiyo redio bora aliyowahi kupewa. Juu yake akawasha redio yake pia. Kwa hiyo tulisoma mapenzi ya Ulaya tukipigiana kelele masikioni, na mimi nikirudi nyumbani ninajua farasi gani ameshinda lakini sijui fundi wa saa alisema nini.

Mama Divine alichoka. "Mais Mwalimu, jirani yako ni Mureno muzee, hata kusikia hasikie." Mwalimu akamwambia, "Aliyenichongea kule pia alikuwa mzee." Mama Divine akaacha kuja. Mimi nikabaki. Nikiulizwa kwa nini, nasema ni kwa ajili ya Kiingereza, na Kiingereza changu kweli kimenyooka. Lakini nilibaki kwa sababu ya siku ya theluji. Nilikuwa nimemwomba anisimulie tena na tena, mpaka nikaijua kama ninavyojua kusuka.

Nakala nzima niliikuta Newtown, sokoni, mwaka huu wa baridi kali. Ilikuwa kwenye boksi la vitabu vya upishi, jalada limeng'oka. Nilisoma jina mara mbili. Nililipa bila kubishana bei, jambo ambalo si kawaida yangu, nikaegemea ukuta nikatafuta siku ya theluji pale pale, miguu ikiniganda.

Nilikuta ukurasa mmoja na kipande. Fundi anabisha mlango. Mjane anamfungulia, anaufunga kwa sababu ya baridi. Anampa supu. Wanazungumza habari ya vipuri vya saa vilivyochelewa. Fundi analala kwenye benchi karibu na jiko, na viatu vyake miguuni. Asubuhi anashukuru, anaomba koleo la kuchotea theluji. Basi. Hakuna asali. Hakuna alama za nyuki. Hakuna anayemuuliza mwenzake anataka nini duniani. Niligeuza mbele, nikageuza nyuma, nikadhani kurasa zimegandana. Hasira iliyonipanda sikuijua ni ya nani.

Nilikwenda Turffontein siku ya farasi. Darasa halikuwepo tena, alibaki peke yake. Macho yalikuwa yamemwisha, amekaa kitandani na redio pembeni, lakini alinijua kwa hatua.

"Umechelewa. Mbio za tatu zimekwisha."

Nikamwekea kitabu mapajani. Akakipapasa. Akapima unene kwa vidole, na vidole vikasimama.

"Hiki kizima," akasema.

"Kizima. Na nimesoma siku ya theluji. Mwalimu, zile kurasa ulizotusimulia hazimo."

Nilitegemea anikaripie. Badala yake akapapasa kingo za kurasa.

"Changu kilinifikia kimeshakatwa," akasema. "Mimi sikuwahi kuzisoma. Niliona shimo. Wasichana wananitazama. Nikawajazia."

"Na mlango? Ule wa kufunga mwenyewe?"

"Wangu." Akasogeza kitabu kwangu. "Soma kilichomo."

Nikamsomea, nikipiga kelele juu ya redio na juu ya uwanja. Ni kitu cha dakika mbili. Nilipofika kwenye koleo nikafunga kitabu.

"Endelea."

"Imekwisha, Mwalimu."

"Ndiyo hicho tu?"

"Ndiyo hicho."

Uso wake ulikunjamana kwa namna ambayo sijaiona kabla. "Supu," akasema. "Wamekata supu." Kisha kwa sauti ya juu zaidi, kama anayegombana na mtu chumbani: "Miaka yote hii namuomba Mungu kiwe na kitu. Chochote. Niseme mtoto alichapwa kwa kitabu kikubwa. Kumbe alichapwa kwa maneno yangu! Mwandishi hamo. Ni mimi!"

Nilitaka kumwambia kwamba maneno yale yaliniondoa saluni ya watu, yakampa Mama Divine ufunguo wake, kwamba supu ya yule mwandishi isingemfungulia mtu kitu. Nikamwambia, vibaya, kwa haraka, nikijikwaa. Alisikiliza mpaka mwisho. Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Hiyo yangu waijua yote?"

"Yote."

"Nisimulie basi. Kama alivyosimulia yule mtoto arusini. Mimi sikuwepo kumsikia."

Nikafungua mdomo, akaninyooshea mkono ningoje. Akaipapasa redio mpaka akakipata kitufe chake, akaizima. Nje mbio zilikuwa zimepumzika. Dirisha lilikuwa wazi, na yule Mreno alikuwa uani akining'iniza shuka. Nikaanza na theluji ilivyofika kizingitini, sauti yangu chini kwa mazoea.

"Paza sauti," akasema Mwalimu. "Aliye dirishani hasikii."